Habari za Mateso Yetu ni Mali ya Nani?



Hakuna aliyeishi kambini miaka mingi ambaye hajamwona mwandishi wa habari kutoka nchi za nje. Anafika na gari na kamera, anatafuta mkalimani, halafu anauliza: mmetoka wapi, mmempoteza nani, mlivuka ziwa lini? Tunamjibu. Jioni anaondoka, nasi tunabaki tukiulizana kama tulifanya vyema kumpa maneno yetu, na kama yeye ana deni lolote kwetu. Wako wanaosema ni heri kunyamaza, kwa sababu wageni hawa wanakula mkate kwa machozi ya watu. Wako wanaosema tueleze yote, na hata tuongeze kidogo, ili dunia isikie. Sisi tunaona hatari katika njia zote mbili. Tulitafakari jambo hili pamoja, tukiukumbuka mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac, ambako wengi wetu tuna makaburi na mashamba.

Tuwasikilize kwanza wanaolalamika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni huyu anaponya? Mwezi wa tano mwaka 2015, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, kati ya mlima na maji. Hapakuwa na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Meli ya Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa inawabeba watu kwa mamia hadi Kigoma. Waandishi walikuja, picha za ufuko ule zikazunguka dunia nzima. Baada ya majuma machache wakaenda kwingine, kwenye habari mpya. Mama aliyezika mtoto Kagunga hakuondoka na habari yake. Aliendelea kuishi nayo.

Lakini tuseme pia yaliyo ya haki. Msaada huenda mahali panapojulikana. Mwaka 1972 wazazi wetu walivuka ziwa hilohilo, na waandishi wa kuwaona walikuwa wachache mno. Dunia ilipoanza kuelewa yaliyotokea Burundi, waliokufa walikuwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kunyamaza ndiko kunakomlinda mnyonge. Mara nyingi ukimya umemlinda aliyetenda.

Tena tusiwahesabu waandishi wote kuwa ni kundi moja. Januari 2016, Jean-Philippe Rémy wa gazeti la Le Monde la Ufaransa na mpiga picha Mwingereza Phil Moore walikamatwa Bujumbura. Kesho yake waliachiliwa. Sasa tuwaangalie wenyeji waliofanya kazi hiyohiyo. Hassan Ruvakuki, aliyekuwa akituma habari kwa RFI Kiswahili, alikamatwa Novemba 2011 baada ya kwenda kuwahoji watu waliojitangaza kuwa waasi. Juni 2012 alihukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa ilikipunguza kuwa miaka mitatu, naye akatoka gerezani Machi 2013. Esdras Ndikumana, mwandishi wa RFI na AFP, alikamatwa na kupigwa vibaya tarehe 2 Agosti 2015, alipokwenda mahali alipouawa Jenerali Adolphe Nshimirimana. Ikambidi aihame nchi yake. Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu la Bujumbura aliondoka nyumbani tarehe 22 Julai 2016, na hakuonekana tena.

Tunajifunza nini hapa? Mgeni ana pasipoti, na pasipoti ni mlango. Mwenyeji anayetuma habari kwa redio ya nje ana nyumba, mke na watoto ndani ya habari ileile anayoitangaza. Na sisi tunaohojiwa tuko chini zaidi, maana hata jina la gazeti halitulindi. Kwa hiyo deni la kwanza la mwandishi ni hili: anayeweza kuondoka amlinde asiyeweza kuondoka. Akimtaja kwa jina mama aliyemwambia nani alimuua mumewe, kisha yeye akapanda ndege, amechukua kilicho cha mama yule na kumwachia hatari.

Deni la pili ni gumu zaidi, nalo linatugusa na sisi. Tarehe 29 Aprili 1972, waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakawaua Watutsi, wakiwemo wanawake na watoto. Kisha utawala wa Michel Micombero ukajibu kwa kuwaua Wahutu nchini kote kwa miezi kadhaa, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa serikali, hata watumishi wa makanisa. Makadirio mengi yanataja watu kati ya 100,000 na 300,000. Idadi hizi hazilingani, wala hatutaki kuzilinganisha kwa hila. Lakini mwandishi aliyefika kambi ya Kigoma peke yake alisikia habari ya jeshi, nayo ilikuwa kweli. Aliyeketi na mjane wa Kitutsi wa Rumonge alisikia habari ya mapanga ya Aprili, nayo ilikuwa kweli. Aliyerudi nyumbani na moja tu kati ya hizo alibeba nusu, na nusu ya kweli imewasha moto mara nyingi nchini kwetu.

Hii ndiyo sababu tunamheshimu mwandishi anayerudi. Vita ya muda mrefu haieleweki kwa siku tatu. Anayerudi mwaka wa pili na wa kumi anakutana na watu walewale, anaulizwa kuhusu aliyoyaandika, anasahihishwa. Mwinjili Luka hakuwa miongoni mwa walioyaona mambo tangu mwanzo. Mwenyewe anaeleza kwamba alichunguza kwa makini, akitegemea yaliyopokewa kutoka kwa walioshuhudia. Kuwa mgeni si dhambi. Kosa ni kutokuuliza pande zote.

Mtu atasema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mgeni atajuaje? Ni kweli, hawezi kujua kama tunavyojua. Lakini maiti hasemi. Na sisi tulio hai, uchungu wetu hutufanya tuyaone ya kwetu tu. Tunamhitaji mtu anayeweza kuvuka na kumwuliza jirani.

Hapo linakuja deni letu sisi. Kambini uvumi unatembea haraka kuliko lori la chakula. Tunasema lisemwalo lipo, kisha mtu anasema “nimeona” badala ya “nimesikia,” na waliokufa watano wanakuwa hamsini kabla jua halijazama. Wengine wanadhani kuongeza ni kuusaidia msiba wetu. Tuwaulize: mwandishi akigundua hesabu moja ya uongo, nani ataamini zile za kweli? Aliyeongeza chumvi amewaibia wafu wake ushahidi wao.

Na tuifikirie Rumonge ya kurudi. Waliokimbia mwaka 1972 walipoanza kurejea, wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine. Wapo waliopewa na serikali, wapo walionunua kwa fedha yao bila kujua. Tangu mwaka 2006 tume ya ardhi ilisikiliza mashauri hayo kwa maelfu, na mashahidi walisimama, huyu akiapa hivi na yule vile. Ukimwita muuaji kwenye redio mtu ambaye kosa lake ni kukaa katika shamba la baba yako, usidhani maneno hayo yamebaki kambini. Redio inasikika ng’ambo zote mbili za ziwa. Watoto wake watayasikia, na siku moja watoto wako watateka maji kisima kimoja nao. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haisemi kwamba aliyeteswa amesamehewa kuitii.

Basi, habari za mateso yetu ni mali ya nani? Tunaona kwamba ni amana. Wafu wametuachia sisi, nasi tunamkabidhi anayekuja kuuliza. Mwenye amana hatakiwi kuificha, wala kuiuza, wala kuipunguza au kuiongeza.

Kwa hiyo tunawashauri, wapendwa. Mwandishi akija, msimfukuze, wala msimkimbilie. Mwulizeni maneno yenu yatasikika wapi, na kama atayaficha majina. Mwulizeni kama atawasikiliza na wengine. Mwambieni arudi kuwaeleza aliyoandika. Kisha, kabla ya kufungua kinywa, kila mmoja ajiulize: je, ningesema hivihivi kama jirani yangu wa Rumonge angekuwa ameketi hapa? Jibu likiwa ndiyo, semeni bila woga.