Kukaza Si Dawa ya Kila Ufa

Zege hustahimili sana likikandamizwa, lakini likivutwa halina ubavu: uwezo wake wa kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wa kuhimili mkandamizo. Ndiyo maana tunaliwekea nondo. Hata hivyo nondo ya kawaida hungoja; haianzi kazi ya maana mpaka zege lianze kupasuka. Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyesajili hataza yake mwaka 1928, alitaka chuma kisichongoja: kivutwe kwanza, halafu kikijaribu kurudi kwenye urefu wake kilibane zege. Siku hizi mara nyingi zege huachwa likauke, vyuma vikiwa vimepitishwa ndani ya mabomba, ndipo jeki ivivute na ncha zake zifungwe kwa kabari au nati. Saidia fundi anayebeba safu ya matofali kwa kuyabana ncha mbili anaijua fizikia hii mikononi mwake. Akilegeza kidogo, la katikati linachomoka.

Wengi huishia hapo, wakaamini kwamba kukaza ni heri tupu. Mkazo ni nguvu kama nguvu nyingine yoyote. Una mwelekeo, na mahali unapoishia lazima pawe na kitu cha kuupokea.

Tarehe 10 Machi 2018, huko Miami, Marekani, kipande kikuu cha daraja la waenda kwa miguu la Chuo Kikuu cha Florida International kilitolewa kando ya barabara kilikojengwa, kikawekwa juu ya njia nane za magari. Kilikuwa na urefu wa mita 53 na uzito wa tani 950 za Kimarekani: sakafu chini, paa juu, na katikati safu moja ya mihimili ya mshazari, yote ya zege. Mhimili namba 11 ulikuwa ncha ya kaskazini, ukishuka kutoka paani hadi sakafuni.

Daraja likishakaa kwenye nguzo zake, mhimili huo hukandamizwa, hivyo hauhitaji chuma cha kuubana. Lakini wakati wa kuhamishwa, mitambo ililibeba daraja mbali kidogo na ncha zake, ncha zikaning'inia, na mhimili ukawa wa kuvutwa. Kwa ajili ya safari hiyo fupi ulitiwa fito mbili za chuma zilizokazwa kwa jeki. Daraja lilipotua, fito zikalegezwa kama ilivyopangwa.

Nyufa zikapanuka palepale mhimili unapokutana na sakafu. Mhimili wa mshazari haushushi mzigo wima tu, bali husukuma pia kwa mlalo. Na huu ulikuwa umelala kiasi kwamba msukumo wa mlalo uliuzidi ule wa wima. Kilichotakiwa kuuzuia usiteleze ni kiungo cha zege jipya lililomwagwa juu ya zege lililokwisha kukauka, pamoja na nondo zilizokikatiza. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika ripoti yake ya 2019, ilikuta kwamba wasanifu walikipunjia kiungo hicho mzigo kwenye mahesabu, kisha wakakikadiria uwezo ambao hakikuwa nao. Hata uso wa zege la zamani ungekwaruzwa vizuri, kiungo kisingetosha.

Sasa wasanifu wakafanya hesabu nyepesi: tumelegeza, pamepasuka, tukaze tena, turudi tulipokuwa. Hoja hiyo inavutia, na mimi naona ndiyo iliyoua. Zege lililopasuka halirudi nyuma. Fito zilipita ndani ya mhimili uleule, kwa mshazari uleule, kwa hiyo kila jeki ilipozivuta, sehemu kubwa ya nguvu yake ilikwenda kuongeza msukumo wa mlalo kwenye kiungo kilichokwisha kushindwa.

Asubuhi ya tarehe 15 Machi wahusika wa mradi walikutana kujadili nyufa hizo. Zilikuwa kubwa mara 40 kuliko zinazokubalika kwa kawaida, na picha zake zilikuwapo. Wasanifu wakasema usalama hauna shaka. Mchana mafundi wakapanda paani na jeki yao, huku chini magari yakiendelea kupita. Saa saba na dakika 46, wakiwa bado kazini, kiungo kikang'oka na daraja lote likashuka. Magari manane yaliyokuwa yamesimama chini yake yalipondwa, mengine yote, mengine nusu. Walikufa watu sita: watano waliokuwa kwenye magari na fundi mmoja.

Msanifu, mkandarasi, mkaguzi, mwenye daraja: wote waliziona nyufa au walipewa habari zake, na yeyote kati yao angeweza kutaka barabara ifungwe. Hakuna aliyefanya hivyo.