Fumbo, Uongo na Haki ya Msikilizaji

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanafalsafa wa maadili na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi ni hili: je, mtu anayesema maneno ya kweli, huku akijua kwamba msikilizaji atayaelewa vingine na huku akitaka ayaelewe vingine, amesema uongo? Swali hilo kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano mizito ya vita, mateso na mahakama, lakini limejificha pia mahali pasipotarajiwa, yaani katika aina ya chemshabongo ya magazeti iliyokomaa nchini Uingereza tangu miaka ya 1920, ambayo vidokezo vyake huandikwa kwa makusudi ya kumpoteza msomaji, na ambayo hata hivyo watunzi wake wamejifunga kwa sheria ya ukweli ambayo wanasiasa wengi wasingeiweza. Anayejifunza kuifumbua hujifunza, apende asipende, somo la maadili ya usemi.

Chemshabongo ya kawaida, ile iliyobuniwa na Arthur Wynne na kuchapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, humpa msomaji maana ya neno na kumtaka alijaze neno lenyewe katika visanduku. Ile ya mafumbo huongeza jambo la pili. Kidokezo chake kina fasili, yaani maana ya jibu, ambayo hukaa mwanzoni au mwishoni na wala si katikati, na kina pia mchezo wa maneno, yaani maelekezo ya namna jibu linavyoundwa kutokana na herufi. Na sehemu hizo mbili huunganishwa kwa ustadi hadi zikasomeka kama sentensi moja ya kawaida, ambayo hapa itaitwa sura ya nje, na ambayo mara nyingi haina uhusiano wowote na jibu. Tarakimu iliyo kwenye mabano huonyesha idadi ya herufi.

Ingawa mchezo huu umekulia katika Kiingereza, kanuni zake zinaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili. Chukuliwe kidokezo hiki: “Imani iliyofichwa katika madini (4)”. Sura ya nje inasikika kama kemeo kwa watu waliouza roho zao kwa dhahabu, na msomaji mgeni ataanza kuwafikiria wachimbaji wa Geita au hadithi za watu waliolaaniwa na mali. Mfumbuzi mzoefu hafuati njia hiyo. Yeye huuliza fasili iko upande gani, akaona kwamba huenda ni neno “imani”, kisha akayachukua maneno “iliyofichwa katika” kama agizo la kutazama ndani ya neno linalofuata, na humo ndani ya “madini” akaikuta DINI, herufi nne, zimekaa zilivyo bila kuguswa. Mwanatheolojia angeweza kupinga kwamba imani na dini si kitu kimoja, na angekuwa na hoja, lakini katika mchezo huu kamusi ndiyo kadhi. Kidokezo kingine, “Mali iliyovurugwa ni desturi za wazee (4)”, kinatumia njia tofauti: neno “iliyovurugwa” linaamuru herufi za “mali” zipangwe upya, na zikipangwa huzaa MILA, ambayo fasili yake imekaa mwishoni.

Kidokezo cha tatu kinastahili kuchunguzwa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndicho kinachofungua swali la maadili. “Ibada ya mnyama wa nyikani (5)” ni maneno yanayonuka shirki, na msomaji mcha Mungu huenda akashtuka kuyaona gazetini. Jibu lake ni SWALA, neno linalotaja ibada ya Waislamu na vilevile mnyama mwenye mbio anayewindwa na chui. Hapa fasili ni mbili, kila moja ya kweli kwa nafasi yake, na shirki imo katika sura ya nje peke yake. Hata hivyo kidokezo hicho kina dosari. Kiunganishi “ya” kinadai kwamba ibada ni mali ya mnyama au inamhusu mnyama, na dai hilo halina kazi yoyote katika kulipata jibu. Limewekwa tu ili sentensi ipendeze na msomaji apotee. Mtunzi mwadilifu angeandika “Ibada ni mnyama wa nyikani”, kwa kuwa “ni” inadai usawa tu, na kwa upande wa neno lenyewe usawa huo upo. Tofauti kati ya “ya” na “ni” ni ndogo mno kwa jicho, lakini ndiyo mpaka uliopo kati ya kumficha mtu jambo na kumwambia jambo ambalo si kweli.

Mpaka huo uliwekwa wazi na watunzi wawili. Wa kwanza ni Alistair Ferguson Ritchie, kasisi wa Kianglikana aliyejiita Afrit, jina lililotokana na herufi za majina yake mwenyewe na ambalo wasomaji wa Kiswahili watalitambua mara moja kuwa ni ifriti. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 alishika msimamo kwamba mtunzi ana ruhusa ya kuyaacha maneno yake yaelekeze kwingine, lakini hana ruhusa ya kuliacha jambo analolikusudia bila kulisema. Wa pili ni D. S. Macnutt, mwalimu wa lugha za kale aliyetumia jina la Ximenes katika gazeti la The Observer, ambaye mwaka 1966 alitoa kitabu kizima cha kuifafanua haki hiyo: fasili iwe sahihi, mchezo wa maneno uwe sahihi, na pasiwepo neno la ziada lisilo na kazi. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mtetezi wa uadilifu kiasi hicho alijipa jina la kardinali aliyewahi kuongoza Baraza la Kuhukumu Wazushi la Hispania, akifuata mfano wa mtangulizi wake gazetini, Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada. Lakini Waingereza hupenda mzaha wa namna hiyo.

Mzaha huo una kina kuliko unavyoonekana, kwa sababu Uingereza ile ile ilipata kuwaua watu kuhusiana na mafumbo. Henry Garnet, mkuu wa Wajesuiti nchini humo, aliyenyongwa mwaka 1606 baada ya njama ya kumlipua mfalme pamoja na Bunge, alikuwa ameandika risala ya kutetea matumizi ya kauli zenye maana mbili mbele ya wachunguzi wasio na haki, na waendesha mashtaka waliitumia risala hiyo kumwonyesha kuwa ni mwongo wa kujifunza. Wanatheolojia wa Kikatoliki wenyewe hawakukubaliana. Wengine waliruhusu kile kinachoweza kuitwa akiba ya moyoni, yaani mtu kusema “mimi si padri” kwa sauti, kisha akaimalizia sentensi kimoyomoyo kwa maneno “wa kukwambia wewe”. Mwaka 1679 Papa Innocent wa Kumi na Moja alililaani fundisho hilo, na sababu ya kulilaani inaeleweka vizuri zaidi kwa mtu anayejua chemshabongo: katika akiba ya moyoni ukweli hauko katika maneno yaliyotamkwa, bali umebaki kifuani mwa msemaji, na hakuna akili yoyote ya msikilizaji, hata iwe kali namna gani, inayoweza kuuchimbua. Kauli yenye maana mbili ni jambo jingine, kwa kuwa maana zote mbili zimo katika neno na ziko wazi kwa yeyote atakayelipima.

Wanazuoni wa Kiislamu waliitaja njia hiyo ya pili kwa jina la tauria, yaani kutumia neno lenye maana ya karibu na maana ya mbali na kuikusudia ile ya mbali. Mfano wake maarufu, uliopokewa katika mkusanyo wa Bukhari, ni wa safari ya hijra kwenda Madina, pale Abubakar alipoulizwa na watu njiani ni nani huyo aliyefuatana naye, naye akajibu kwamba ni mtu anayemwongoza njia; waulizaji wakadhani ni kiongozi wa jangwani, naye alikusudia njia ya kheri. Aliyesema hivyo ndiye aliyepewa lakabu ya Siddiq, msema kweli daima, na hakuna aliyeona kwamba lakabu hiyo ilipungua kwa jibu lile. Kwa kipimo cha Ximenes jibu lake halina dosari hata moja.

Hata hivyo, usahihi wa maneno hautoshi, na hapa ndipo sheria ya watunzi wa chemshabongo inapohitaji msaada wa mafaqihi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza kwamba tauria huwa haina ubaya panapokuwa na haja, huchukiza pasipo na haja, na huwa haramu inapotumiwa kuchukua kisichokuwa haki au kuizuia haki ya mwingine. Kwa msingi huo huo imeelezwa kwamba kiapo mbele ya hakimu hufuata nia ya anayeapisha na si ya anayeapa. Muuza gari anayemwambia mnunuzi kwamba gari hilo halijapata ajali tangu aliponunua yeye, huku akijua kwamba liligongwa na mwenye nalo wa kwanza, ametunga kidokezo safi kabisa, na ni mwizi. Kinachomtofautisha na mtunzi wa chemshabongo ni haki aliyonayo msikilizaji, kwa kuwa mnunuzi anastahili kuambiwa na hakukubali kuchezewa.

Katika utamaduni wa Waswahili makubaliano hayo hutamkwa. Mwenye kutega husema “Kitendawili!”, nao wasikilizaji hujibu “Tega!”, na kwa jibu hilo huwa wameridhia kupotoshwa, wakishindwa hudaiwa mji, na baada ya kuutoa wana haki ya kuambiwa jibu, naye mtegaji hana hiari ya kulificha. Visanduku vya chemshabongo gazetini vinafanya kazi ile ile ya neno “tega”. Augustino, ambaye hakuruhusu uongo hata wa kuokoa maisha, aliutoa mzaha katika orodha ya uongo kwa sababu namna ya kusemwa kwake huonyesha kwamba hakuna nia ya kulaghai, na mfumo wa visanduku ni namna hiyo iliyochapwa kwa wino. Methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, inazungumzia kitu tofauti, kwa kuwa inawagawa wasikilizaji na kumkusudia mmoja wao abaki gizani. Ndivyo yalivyofanya kazi mengi ya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliyotungwa katika siasa za kupambana na utawala wa Seyyid Said. Fumbo la vita halitaki kufumbuliwa na adui. La gazetini, lisipofumbuliwa na mtu yeyote, limeharibika.

Swali linalobaki ni kwa nini mtu mwenye ukweli mkononi auzungushe badala ya kuusema. Augustino aliona kwamba kinachopatikana kwa kutafutwa hupendeza kuliko kinachotolewa bure, na kwa hoja hiyo akautetea ugumu wa baadhi ya sehemu za Biblia. Karne kadhaa baadaye, katika karne ya 11, Abdul-Qahir al-Jurjani, bingwa wa balagha ya Kiarabu, alifikia rai inayofanana nayo kuhusu ushairi. Lakini al-Jurjani aliongeza tofauti ambayo kila mtunzi angefaa kuibandika juu ya meza yake: upo ugumu unaotokana na kina cha maana, ambao humlipa msomaji kwa jasho lake, na upo ugumu unaotokana na mpangilio mbaya wa maneno, ambao humchosha kisha usimpe chochote zaidi ya kile ambacho angekipata kwa kauli nyepesi. Kidokezo hupimwa kwa tofauti hiyo baada ya jibu kujulikana, si kabla. Anayeanza kujifunza hana aibu yoyote akisubiri toleo la kesho yake na kusoma majibu, kisha akarudi kwenye kila kidokezo neno kwa neno kutazama ni lipi lilikuwa fasili na lipi lilikuwa agizo. Na likibaki neno moja ambalo hata sasa halionyeshi kazi yake, aliyekosea ni mtunzi.