Daftari la Asiye na Mtu

Mwislamu akiulizwa haki za maiti hutaja nne: aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe. Wakristo wana ibada yao, na wasiofuata dini hizi mbili wana mila za wazee wao. Daftari halitajwi popote. Kuandika jina la marehemu, siku aliyofariki, nani aliyemleta na kaburi gani amelazwa huhesabiwa kuwa kazi ya karani, jambo la serikali na ada zake. Mimi nashikilia kwamba ni jambo la dini. Anayepokea maiti kwa malipo, awe mwenye nyumba ya mazishi, mhudumu wa mochari au mchimba kaburi wa manispaa, amepokea amana mbili kwa pamoja: mwili, na ushahidi kwamba mwili huo ni wa fulani. Akiipoteza ya pili, ya kwanza nayo hajaitimiza, hata kama sanda ilikuwa safi na dua zilisomwa zote. Na anayedhulumiwa zaidi hapo ni yule asiye na mtu wa kumlilia.

Historia ya nyumba za mazishi za Marekani inaonyesha jinsi amana hii ilivyozaliwa bila mtu kuikusudia. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 maiti iliandaliwa nyumbani, mara nyingi na wanawake wa familia na majirani, kisha akaitwa seremala apime na kuchonga jeneza. Seremala huyo huyo aliyeuza vitanda na makabati ndiye aliyeanza kukodisha gari la farasi, kuleta viti, kupanga msafara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikaleta kazi nyingine. Familia za Kaskazini zilitaka vijana wao warudishwe kutoka medani za mbali, na watu kama Thomas Holmes wakajipatia fedha kwa kutia dawa mishipani ili maiti isafiri bila kuoza. Mwaka 1865 mwili wa Rais Lincoln uliotiwa dawa hizo ulipelekwa kwa treni kutoka Washington hadi Springfield, na umati mkubwa ukaushuhudia njiani. Kufikia 1882 wenye biashara hii walikuwa wameunda chama chao cha taifa.

Daftari zao za mwanzo zilikuwa daftari za duka. Ukurasa mmoja ungeweza kubeba jina la marehemu, umri, alikozaliwa, wazazi, ugonjwa, daktari. Chini yake urefu wa jeneza na bei yake, vipini, kodi ya gari, glavu za wabebaji. Mwisho jina la atakayelipa, na pengine maelezo kwamba amelipa nusu. Mwandishi alikuwa akilinda fedha zake. Lakini usajili wa vifo wa kitaifa nchini humo ulianza 1880 kwa majimbo mawili matatu na miji michache, na haukukamilika majimbo yote hadi 1933. Kwa hiyo wapo wengi, hasa Wamarekani Weusi wa Kusini, ambao ukurasa ule wa deni ni miongoni mwa maandishi machache yanayosema kwamba waliishi, walikuwa na mama, na wamezikwa mahali fulani.

Mtu anaweza kuona ni aibu kwamba uhai wa binadamu ushuhudiwe na bili. Lakini katika sura ya 23 ya Kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu, mgeni katika nchi ya Kanaani, anafiwa na Sara. Wenyeji wanamwambia achukue kaburi lolote. Anakataa, anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote walioingia langoni mwa mji, na maandiko yanataja shamba, pango na hata miti iliyomo. Mgeni hana ukoo wa kumtetea. Malipo yaliyofanywa mbele ya mashahidi ndiyo yanayolifanya kaburi la mkewe lisiweze kukanushwa kesho. Dini tatu zinamwita Ibrahimu baba, na kaburi la kwanza alilolimiliki limeelezwa kwa bei na mashahidi.

Kwamba maiti inaweza kukanushwa si dhana tu. Mwezi Agosti 1955 Emmett Till, kijana Mweusi wa Chicago mwenye miaka 14, aliuawa huko Mississippi na mwili wake ukatupwa mtoni. Wakuu wa huko walitaka azikwe haraka papo hapo. Mama yake, Mamie Till, akakataa. Mwili ukapelekwa Chicago katika sanduku lililofungwa, kwa makubaliano kwamba lisifunguliwe. Katika nyumba ya mazishi ya A. A. Rayner mama alidai lifunguliwe, akamkagua mwanawe kiungo kwa kiungo, uso ukiwa umeharibiwa kiasi cha kutotambulika. Kidoleni mwa maiti ilikuwa imeonekana pete ya baba yake marehemu, iliyochorwa herufi L.T. na tarehe ya Mei 1943. Mwezi uliofuata, mahakamani, sherifu wa wilaya alitoa ushahidi wa kutilia shaka kwamba mwili ule ulikuwa wa Emmett, upande wa utetezi ukaishikilia shaka hiyo, na baraza la wazee wa mahakama likawaachia washtakiwa wawili wa mauaji hayo baada ya saa moja hivi. Miezi michache baadaye walikiri katika jarida. Ilibidi mwili ufukuliwe mwaka 2005 ndipo vipimo vya DNA vimalize ubishi. Jina la maiti lilipopingwa, haki yote ilianguka, maana hakuna mauaji bila aliyeuawa. Na makaburi hayo hayo ya Burr Oak alikozikwa yalikumbwa na kashfa mwaka 2009: wafanyakazi walikuwa wamefukua makaburi ya wengine na kuuza viwanja upya, na kumbukumbu zikawa zimevurugwa kiasi kwamba familia nyingi hazikuweza kuwapata watu wao.

Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki, angejibu kwamba yote haya yanawahusu walio hai. Tukiwapo sisi, mauti hayapo. Yakija mauti, sisi hatupo. Basi nani wa kudai? Hoja hii ina nguvu, lakini hakuna jamii inayoishi kwa kuifuata. Wasia tunautekeleza ingawa aliyeuandika hawezi kutushtaki. Deni la marehemu tunalilipa kabla ya kugawa mirathi. Hatufanyi hivyo kuwaridhisha warithi. Mara nyingi warithi ndio wanaopungukiwa. Tunakubali kwa matendo kwamba mtu akishaishi, ukweli kumhusu haufi naye, na jina lake ndilo la kwanza katika ukweli huo.

Pingamizi la muumini ni zito zaidi. Mungu anawajua wote kwa majina, na siku ya kufufuliwa hatahitaji daftari la mochari. Ni kweli. Ila Mungu huyo huyo, ajuaye madeni yote, ameamuru katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, kwamba mkikopeshana kwa muda maalumu mwandike. Ujuzi wake haukutuondolea sisi wajibu wa kuandika. Na lipo tukio ambalo wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wote wamelipokea. Mtu mmoja aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume huko Madina alifariki, na masahaba wakamzika bila kumpa Mtume habari, wakiona jambo lake ni dogo. Mapokezi yanasema alikuwa mwanamke mweusi, au pengine mwanamume. Mtume alipomkosa aliuliza, akawalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda kumswalia hapo. Haki zote nne mfagiaji huyu alikuwa amekwisha kupewa. Kilichokosekana ni taarifa, na Mtume hakuliona hilo kuwa dogo. Tena iliwezekana kulirekebisha kwa sababu moja tu: walikuwepo waliojua kaburi liko wapi.

Yupo atakayesema kwamba Waafrika hatukuhitaji karatasi. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba marehemu anaendelea kuwa miongoni mwa wafu walio hai maadamu yupo amkumbukaye kwa jina, hata vizazi vinne au vitano. Naikubali picha hiyo kwa aliyekufa kwao, akazikwa nyuma ya nyumba, wajukuu wakapewa jina lake. Haimsaidii aliyefia ugenini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani waliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara na malaria katika njia ambazo ukoo wao haukuzijua. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya askari ya Dar es Salaam ilisimamishwa 1927, ni nzuri, na haina jina la mpagazi hata mmoja. Baadhi ya maofisa wa enzi ile walijitetea kwamba watu hawa hawangethamini jiwe la kaburi. Huko nyumbani mama alibaki hajui kama aweke matanga au aendelee kungoja, na mke hajui kama ni mjane. Kumbukumbu ya ukoo haiwezi kuanza kazi bila habari ya kifo kufika.

Wapo wanaohofu kwamba daftari litafungua mlango wa kutukuza makaburi, jambo ambalo Uislamu umelikemea. Hofu hii inajibika upesi: Mtume mwenyewe aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue. Kujua ni kitu kimoja, kupamba ni kingine.

Linalonisumbua kweli ni pingamizi la siri. Mwosha maiti huona ambayo hata mke hakuyaona, na mafundisho humwahidi msamaha anayeyafunika. Daftari za nyumba za mazishi zimejaa mambo ya namna hiyo: ugonjwa, mimba, aliyejiua, aliyekufa na deni. Miaka ya UKIMWI jamaa wengi waliomba ugonjwa usitajwe, na sithubutu kuwalaumu. Hapa naona lazima tutofautishe aibu ya marehemu na dhuluma aliyotendewa. Ya kwanza ni ya kufunikwa, na sehemu hiyo ya daftari ibaki kwa familia mpaka vizazi vipite. Ya pili kuifunika ni kushirikiana na mwuaji. Alama za kamba shingoni si siri ya maiti. Ni madai yake. Jina, tarehe, alikookotwa na alikozikwa havimwaibishi mtu, na kwa hivyo sioni nani ana haki ya kuvificha.

Kipimo cha haya yote ni maiti isiyo na mwenyewe. Nchini Kenya hospitali hutoa tangazo gazetini, jamaa wakapewa siku kadhaa, wasipotokea kibali cha mahakama huombwa na miili huzikwa katika kaburi la pamoja. Mochari zimejaa na bajeti ni ndogo, na sitazamii kila mmoja apewe kaburi lake. Lakini picha, alama za vidole, nguo alizookotwa nazo na nafasi yake katika mstari havigharimu kiasi cha kushindikana, wala haigharimu kitu kuagiza kwamba nyumba ya mazishi ikifungwa, daftari zake zipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka badala ya jalalani. Kaburi la pamoja si kisingizio. Waliouawa katika Vita vya Uhud, enzi za Mtume, walilazwa wawili wawili, waliowazika wakiwa wamechoka na majeraha, na Mtume akauliza kila mara ni yupi aliyehifadhi Qur'ani zaidi ili atangulizwe. Miezi sita baadaye Jabir bin Abdullah, ambaye moyo wake haukuridhika baba yake kuzikwa pamoja na mtu mwingine, alikwenda, akamtoa, akamzika peke yake. Aliweza kwa sababu alijua amelala wapi na ni yupi.