Ndama Hakutoka Mwenyewe

Mkulima wa Singe, mjini Babati, anayeuza mbaazi na kulipwa kwa simu, hakutani na mhandisi hata siku moja. Akipiga *150*00# ya M-Pesa anakutana na maneno: tuma pesa, toa pesa, weka namba ya siri. Kwa wazee wengi wa huku, waliolelewa kwa Kigorowa au Kiiraqw, hata Kiswahili hicho ni lugha ya pili, na agizo lisiloeleweka laweza kuipeleka pesa kwa mtu asiyemjua. Maneno hayo ameyaandika mwajiriwa wa kampuni. Katika kampuni za teknolojia, ambako mara nyingi wahandisi ndio wenye sauti, mtu huyo, pamoja na mchoraji na mtunzi wa matangazo, huonekana mpambaji tu: wenye kazi wameshamaliza, sasa aje apake rangi. Nauliza basi, je, naye ni mtengenezaji wa chombo? Na kama ndiye, ana fungu gani katika heri yake na katika dhambi yake?

Kitabu cha Kutoka kinalijibu swali la kwanza bila kusita. Hema la kukutania lilikuwa kazi ya vipimo: dhiraa za urefu na upana, mbao, vitako vya fedha, vitanzi vya kuunganishia mapazia. Hata hivyo, katika sura ya 31, anayetajwa kuwa Mungu amemjaza roho yake ni Bezaleli mwana wa Uri, fundi wa kubuni na kuchonga vito, na msaidizi wake ni Oholiabu, aliyekuwa pia mtarizi. Maandiko hayatengi aliyepima mbao na aliyelipatia pazia sura yake; wote wanajenga maskani moja.

Mhandisi atapinga kwa kusema kwamba mtambo ukizimika, maneno mazuri hayamtumii mtu hata shilingi. Ni kweli. Lakini tazama M-Pesa yenyewe. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, Thika ikiwa miongoni mwa sehemu za majaribio, ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilinadiwa kwa wazo moja tu, kutuma pesa nyumbani, ambalo kila mwenye mzazi kijijini alilielewa papo hapo. Mtambo ulirekebishwa pia, sikatai. Ila uwezo wa kuhamisha pesa ulikuwepo tangu majaribio. Kilichokosekana ni mtu wa kutambua chombo ni cha nini katika maisha ya watu, kisha kukisema kwa lugha yao. Wanaosema ubunifu haupimiki wasisahau kwamba mzee anayeshindwa kutuma pesa kwa sababu hakuelewa agizo ni kipimo tosha, tena kikali.

Hadi hapa wabunifu watanishangilia. Lakini heshima hiyo ina gharama, na sura ya 32 inaileta mara moja. Haruni, ndugu yake Musa, alichukua dhahabu ya watu, akaitengeneza kwa patasi iwe sanamu ya ndama. Alipoulizwa na Musa, akajibu kwamba aliitupa motoni na ndama akatoka. Sijui utetezi unaofanana zaidi na ule wa ofisi zetu za leo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, zile ambazo mikopo yake mtaani huitwa kausha damu. Wakopaji walikuwa wamelalamikia riba na ujumbe wa kuwaaibisha uliotumwa kwa ndugu, majirani na waajiri wao. Ujumbe kama huo unaye aliyeutunga. Kitufe kikubwa cha kukubali mkopo, na masharti yaliyofichwa kwa herufi ndogo, vinao waliovichora. Kama maneno na michoro ni sehemu ya chombo siku ya sifa, haviwezi kuwa pambo siku ya hesabu.

Wapo watakaosema mwajiriwa anatumwa tu, na mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto hana ubavu wa kukataa. Hoja hii naiheshimu, maana ajira ni chache. Mwenye kampuni ana mzigo mzito zaidi, na aliyebanwa na njaa ahukumiwe kwa huruma. Lakini Haruni naye alibanwa na umati uliodai sanamu, na kubanwa huko hakukumwondolea dhambi. Kijana wa Babati anayeingia kazi hii adai kuitwa mapema, chombo kikiwa bado mawazo, maana ndipo kukataa kwake kunaweza kubadili jambo. Na agizo la kuandika uongo likija, aseme hapana kwa maandishi.