Mbuzi wa Kikosi na Meza ya Mfalme

ANDIKO KUU: 2 Samweli 9:1-13
Soma pia: 2 Samweli 4:4; Ayubu 2:11-13; Warumi 15:1; Yohana 20:24-29

Leo nataka tuanzie mbali kidogo, halafu turudi nyumbani.

Kule Uingereza na Marekani kuna desturi ya kuandaa siku ya gofu kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Watu wanalipa kucheza, na pesa zinaenda kwa majeruhi na jamaa zao. Wenyewe majeruhi nao wanacheza, mmoja na mguu wa bandia, mwingine kwa mkono mmoja. Na wakati mwingine utamkuta mgeni wa ajabu hapo uwanjani: maskoti. Pengine ni mtu aliyevaa vazi la dubu au simba wa timu, pengine ni mnyama kabisa wa kikosi cha jeshi.

Kikosi cha Royal Welsh, kwa mfano, kina mbuzi. Si mzaha! Mmoja wao aliitwa Billy, zawadi ya Malkia Elizabeth mwaka 2001. Alipewa cheo cha lansi koplo. Mwaka 2006, katika gwaride kwenye kisiwa cha Kipro, kile kile walichohubiri Paulo na Barnaba, alikataa kufuata mstari akataka kumpiga mpiga ngoma kwa pembe. Akashushwa cheo! Baada ya miezi mitatu akarudishiwa, akatumika hadi alipostaafu mwaka 2009. Unacheka, lakini angalia: mbuzi huyo alihesabiwa kuwa askari. Kwa hiyo mnyama wa namna hii akimfikia mtu aliyeacha jeshi kwa sababu ya jeraha, hajaja mbuzi tu. Kimekuja kikosi. Ni kama kumwambia, "Ndugu, bado jina lako liko kwetu."

Sasa fungua Biblia yako. Mefiboshethi alikuwa majeruhi wa vita. Alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake akamchukua akakimbia naye, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Hakushika upanga, lakini vita vilimvunja. Akaenda kukaa Lodebari, nyumbani kwa watu, kimya. Nataka tujifunze mambo matatu.

1. MTU WA MAJERAHA ANAHITAJI KUFIKIWA

Daudi hakungoja Mefiboshethi aje. Aliuliza, akatuma watu, akamleta. Maskoti naye hafanyi lolote kubwa. Hahubiri, hatoi ushauri, haulizi, "Ilikuwaje?" Anakuja tu, anasimama kando yako. Wale rafiki watatu wa Ayubu walifanya vizuri sana siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua mdomo ndipo wakaharibu!

Wapendwa, tangu Oktoba 2011 vijana wetu wa KDF wameingia Somalia. Tunakumbuka El Adde, Januari 2016. Wengine hawakurudi. Wengine walirudi, lakini usingizi haukurudi nao. Tairi la matatu likipasuka barabarani, yeye amelala chini tayari. Huyo anaweza kuwa ameketi kiti cha tatu kutoka kwako. Umewahi kumfikia? Ama tunamwita tu siku ya ushuhuda, tupige makofi, tumsahau hadi mwaka ujao?

2. MWENYE NGUVU AMPE MNYONGE NAFASI

Gofu ina kanuni moja nzuri inaitwa hendikapu. Anayepiga mpira mara chache zaidi ndiye mshindi. Basi aliye dhaifu anapunguziwa mipigo kulingana na uwezo wake. Bingwa akimaliza mashimo 18 kwa mipigo 72, na mwenye hendikapu ya 20 akamaliza kwa 92, wako sawa. Shimo halikupanuliwa wala kusogezwa. Ni mchezo ule ule, lakini wawili hawa wanaweza kutembea pamoja wakashindana kwa heshima.

Warumi 15:1 inatuambia wenye nguvu tubebe udhaifu wa wasio na nguvu. Tunapopanga ibada, chama, hata harambee, je, aliye na magongo anafika? Mjane wa askari anachanga kiasi kile kile cha mwenye duka? Kumpa mtu nafasi si kumhurumia. Ni kumwambia, "Wewe pia ni mchezaji."

3. MEZA IWE YA KILA SIKU

Siku ya gofu inaisha jioni. Maskoti anaenda zake, hema zinakunjwa, na yule ndugu anarudi nyumbani na mguu wake wa bandia. Hapo ndipo Daudi anatupita wote. Mefiboshethi hakualikwa karamu moja. Alikula mezani pa mfalme siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sisi watu wa Roho tunateleza. Sura ya 9 inamalizika kwa kutukumbusha kwamba alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Hakuponywa! Mimi ninaamini uponyaji, na tutaendelea kuwekea wagonjwa mikono. Lakini kuna ndugu tuliyemwombea mara tatu, hajapona, tukaanza kumkwepa kana kwamba anatuaibisha. Wengine wakanong'ona, "Hana imani." Mpendwa, kiti chake mezani hakikungoja miguu ipone. Alikaa mezani na miguu ile ile.

Mwambie jirani yako: "Kiti chako kipo!"

Jeshi linaweza kutuma mbuzi. Mungu hakutuma alama, alikuja mwenyewe katika mwili. Na alipofufuka, mwili wake ukiwa wa utukufu, alama za misumari zilibaki. Aliziacha Tomaso azione. Jemadari wetu ana makovu! Kwa hiyo wewe uliyevunjwa na vita, na ajali, na ndoa, usijifiche Lodebari. Anakuita kwa jina lako. Haleluya!

FANYA WIKI HII: Tafuta mtu mmoja aliyejeruhiwa, wa mwili au wa moyo. Mtembelee. Usiende na mahubiri, nenda na sukari na muda. Kisha kabla ya kuondoka, panga siku ya kurudi.

TUOMBE: Baba, tusamehe kwa wale tuliowasahau. Tufundishe kuketi, kunyamaza na kurudi. Waliojeruhiwa wapate kiti kati yetu, leo na kesho. Katika jina la Yesu, Amina.