Mpe Mwanafunzi Maikrofoni

Mwanangu, nimefurahi kusikia kwamba katika mwaka wako huu wa kwanza wa ualimu unataka kutumia podikasti darasani. Umesema utakuwa unakaa nyumbani jioni, unarekodi mada moja baada ya nyingine, wanafunzi wasikilize kwa wakati wao. Hapo nakuomba ungoje kidogo. Mwalimu anayezungumza peke yake dakika 40 ndani ya simu ni yule yule anayezungumza peke yake mbele ya ubao, ila sasa hamwoni mtoto aliyekunja uso kwa kutoelewa. Rekodi zako ziwe fupi, ziwe na kazi ndani yake, na kabla hujazoea kuzitengeneza wewe, wape wao watengeneze.

Mbinu ya kusikiliza kisha kufanya kazi tunayo siku nyingi. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Redio Tanzania. Ilichukua wiki 12, na watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi nchi nzima. Nilikuwa kijana wakati ule, na nilikaa katika kikundi kimojawapo. Kipindi kikiisha redio inazimwa, kitabu kinafunguliwa, watu wanabishana. Hatuondoki bila kukubaliana kazi: wiki hii choo kichimbwe kwa fulani, madimbwi yafukiwe, majani yafyekwe. Wiki inayofuata swali la kwanza ni nani amefanya. Kama tungesikiliza tu na kutawanyika, sidhani kama hata shimo moja lingechimbwa.

Zanzibar nako, katika vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze vilivyotengenezwa kwa watoto wadogo, redio inauliza kisha inanyamaza ili watoto wajibu, waimbe au wahesabu. Ukimya ule umepangwa. Na wewe upange wako: uliza swali, nyamaza sekunde 10, ndipo uendelee.

Sasa nirudi kwa wanafunzi wenyewe, maana hili ndilo linalonikaa moyoni. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 2004, wakati podikasti ndiyo kwanza zinapata jina, kiliwagawia wanafunzi wa mwaka wa kwanza iPod pamoja na vifaa vya kurekodia. Kilipofanya tathmini kikaona kwamba kwa upande wa masomo, kazi iliyotumika zaidi ilikuwa kurekodi. Huko ndiko ningeelekeza nguvu zako.

Tuseme umewatuma vijana watano wa kidato cha pili wakamhoji bibi mmoja mtaani kuhusu Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu walipohamishwa wakaishi pamoja vijijini. Swali lao la kwanza litakuwa, “Bibi, maisha ya zamani yalikuwaje?” Naye atajibu, “Yalikuwa magumu, wajukuu zangu,” na mazungumzo yameishia hapo. Usiwagombeze. Lisikilizeni jibu hilo darasani, kisha waulize: bibi ametuambia nini ambacho hatukukijua kabla hamjatoka hapa? Watatazamana. Basi waandike maswali upya. Mlipoambiwa mhame, mlibeba nini kwanza? Usiku wa kwanza mlilala wapi? Nani alibaki nyuma na mifugo? Makaburi mliyaacha kwa nani? Mtu ukimuuliza alibeba nini, ataanza na kinu, atafika kwenye mlango alioung’oa nyumba ya zamani, na kutoka kwenye mlango huo ataingia katika habari ambazo kitabu cha historia hakina nafasi nazo.

Wafundishe pia kunyamaza. Kijana huogopa kimya; mzee akitafuta neno, yeye keshatupa swali jingine, na lile lililokuwa linakuja limepotea. Sijaona zoezi linalofundisha kusikiliza kuliko kuisikia sauti yako mwenyewe ikimkatiza mtu mzima.

Wakirudi na dakika 30, waambie unataka 8. Ufupisho tumeufundisha miaka nenda rudi kwa aya zisizomhusu mtoto hata kidogo. Hapa anabishana na mwenzake kama wabakize habari ya mlango au ya ng’ombe, na kila mmoja lazima atoe sababu. Kisha wanaandika utangulizi, wanausoma kwa sauti, wanagundua sentensi imewaishia pumzi katikati, wanaiandika tena. Anayechanganya kalamu na karamu atajisikia mwenyewe bila wewe kumsema mbele ya wenzake.

Vifaa visikutishe. Simu janja moja inatosha kundi zima. Iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati ya maneno, na ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi isiipige moja kwa moja. Darasa tupu lenye kuta za saruji lina mwangwi. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa kinaumeza. Mvua ikianza kupiga bati, acheni hadi ikatike. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kukata na kuunganisha. Hifadhi kwa mono, kilobiti 64 kwa sekunde, na dakika 8 zitakuwa takriban megabaiti 4, bando dogo litazibeba. Mzazi mwenye redio ya memori kadi atasikiliza bila intaneti. Shuleni, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu, tumia spika moja na darasa lisikilize pamoja. Hata wangeruhusiwa, mimi ningependa hivyo: wakicheka pamoja, wakashangaa pamoja, mjadala unajianzisha.

Mwenye mwanafunzi asiyeona ana sababu ya ziada ya kufanya kazi hii, maana vitabu vya nukta nundu huchelewa, na hapa kijana huyo anahoji na kukata kama wengine. Asiyesikia naye asiachwe: kila kipindi kiwe na matini yake yote kwenye karatasi, na yeye awe mmoja wa wanaoyahariri.

Kwa ruhusa nitakuwa mkali. Mzee aliyehojiwa aambiwe mapema sauti yake itasikilizwa na nani, na asikilizishwe kabla ya darasa. Akisema kipande fulani kitoke, kitoke. Mkuu wa shule ajue, wazazi wasaini, majina kamili ya watoto yasitajwe. Kubaki darasani ni jambo moja, kuweka mtandaoni ni jingine kabisa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018. Zisome kabla hujabonyeza popote.

Na alama, mwanangu, usimpe aliyejaliwa sauti nzuri. Kila kundi likukabidhi maswali yake ya kwanza, maswali ya pili, na karatasi inayoeleza walikata nini na kwa nini. Hizo ndizo za kusahihisha.