Kumjua Mtu kwa Jembe Lake

Katika Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walichimba mifereji ya maji, mifongo, kabla Mjerumani hajafika. Desturi yake haikuwa na mzaha: atakaye maji sharti atoke na jembe siku ya kuufukua mfereji, asiyetoka alitozwa faini au alinyimwa zamu. Hapo ndipo majirani walipojuana khasa: nani achimbaye mpaka chini, nani aparuzaye juu juu.

Waandishi wa programu huria nao wana mfongo wao. Tangu Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991, maelfu ya watu wasiopata kuonana wamekuwa wakifukua pamoja. Jambo OpenOffice, iliyotiwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilichota kwenye jasho la namna hiyo. Huko mtu hapimwi kwa sura, lafudhi wala nasaba; hupimwa kwa alichoandika. Je, huko si kumjua kwa haki zaidi? Mlimani, jina la ukoo liliweza kumsitiri mvivu.

Hoja hii ni nzito, lakini ilipata jeraha mwaka 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili, kwa adabu na ustadi, hata mlezi wake, Lasse Collin, akamshirikisha madaraka. Mwezi wa Machi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipochunguza akakuta mwenzi huyo ametia mlango wa siri.

Wako wasemao dawa ni kuonana. Jumuiya ya Debian, kwa mfano, imezoea kutaka wanachama wakutane ana kwa ana na kuoneshana vitambulisho. Lakini kitambulisho hutaja jina, hakitaji nia. Mwizi wa zamu ya usiku Old Moshi alijulikana sura yake, na baba yake pia. Kilichomzuia, alipozuilika, ni kwamba shamba lake lilikuwa chini ya mfereji uleule.

Jia Tan hakuwa na shamba. Na Collin, aliyekuwa ameelemewa, alishinikizwa na majina yasiyojulikana kwamba anachelewesha kazi. Dunia nzima ilikuwa ikinywa maji yake. Aliyetoka na jembe kumsaidia, siku baada ya siku, alikuwa karibu yule mmoja tu.